Shajara ya mradi: fedha mkononi kabla ya palizi

Oktoba, wiki ya mwisho

Uandikishaji umekamilika. Kaya zote 34 za kitongoji chetu, wilayani Kongwa, mkoani Dodoma, zimeingia kwenye daftari, na kila moja itapata shilingi 900,000 kwa awamu tatu: ya kwanza kabla ya kupanda, ya pili wakati wa palizi, ya tatu baada ya mavuno. Fedha zimechangwa na wazawa wa kijiji hiki walioko Dodoma mjini, Morogoro na Dar es Salaam. Hazina masharti. Hatudai risiti, hatugawi mbegu, hatumpangii mtu la kununua.

Tulijadili sana kama tuchague kaya maskini zaidi. TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa serikali, kwenye Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini ulioanza mwaka 2012, imekuwa ikiwatambua walengwa kupitia mkutano wa kijiji na madodoso, na kwa mpango wa nchi nzima jambo hilo linaeleweka. Lakini kitongoji chenye nyumba 34, ambamo tofauti ya huyu na yule ni mbuzi wanne, ukianza kuchambua nani apewe na nani aachwe utaacha uhasama utakaodumu kuliko fedha zenyewe. Tukakubaliana: wote.

Shajara hii itafuata kaya moja kwa karibu. Mwenye nyumba amekubali kwa sharti kwamba nisiandike majina, kwa hiyo nitamwita Mama tu. Wako sita: yeye, mumewe, mama mkwe wake ambaye sote tunamwita Bibi, binti wa kidato cha pili, mvulana wa darasa la tano na kitinda mimba wa miaka minne. Wanaishi kwenye tembe la udongo lenye paa bapa, la kienyeji kabisa, ambalo huvuja kona ya mashariki. Wana ekari nne. Msimu uliopita walilima mbili, wakavuna magunia matatu ya mtama na debe chache za karanga. Baba aliangukiwa na gogo akikata miti ya mkaa; mfupa uliunga vibaya, na hawezi kusimama na jembe kutwa.

Nilimuuliza Mama kwa nini ekari mbili zilikaa bure. Alinijibu taratibu.

"Mdogo wangu, mwezi wa kwanza chakula kinaisha. Nikikaa shambani kwangu, watoto watakula nini jioni? Naenda kulima kwa watu. Nikirudi kwangu, majani yameshanizidi."

Nimeyaandika maneno hayo ukurasa wa kwanza wa daftari, maana mradi mzima umo humo. Kongwa ina msimu mmoja wa mvua. Inaanza kunyesha mwishoni mwa Novemba au Desemba, inakatika Aprili. Januari na Februari ndiyo miezi ambayo shamba linadai mkono kila siku, na ndiyo miezi ambayo ghala ni tupu. Mwenye njaa huuza nguvu zake kwa mwenye nafaka, analipwa kwa ngwe, yaani kipande cha shamba anachopimiwa, na chakula cha jioni kinapatikana. Shamba lake linamezwa na magugu. Akivuna, anavuna kidogo, na Januari inayofuata inamkuta palepale.

Juu ya hilo kuna deni. Januari iliyopita Mama alikopa debe mbili za mahindi kwa makubaliano ya kulipa gunia zima wakati wa mavuno. Gunia ni debe sita. Katika yale magunia matatu ya mtama, moja halikufika hata nyumbani. Lilipakiwa kwenye mkokoteni wa mdai likiwa bado shambani.

Novemba, wiki ya pili

Wiki nzima imekuwa ya laini za simu. Fedha zitatumwa kwa simu, na laini lazima iwe imesajiliwa kwa alama za vidole kwa jina la mpokeaji. Kaya tisa hazikuwa na laini ya namna hiyo. Ya Mama ilikuwa kwa jina la shemeji yake aliyehamia Gairo, na si vyema fedha ya mtu ipite kwenye jina la mtu mwingine, hata awe ndugu. Tumekwenda Kibaigwa na wote tisa. Wanane wamefanikiwa.

Wa tisa ni mama mzee anayeishi peke yake. Mashine ilikataa vidole vyake vyote kumi. Alivipangusa kwa khanga, akajaribu tena, ikakataa. Ncha za vidole zimelainika kwa jembe mpaka hakuna mistari ya kusomeka. Kijana wa usajili alijitahidi kwa heshima, akapaka mafuta, akabonyeza kidole baada ya kidole, ikashindikana. Mzee mwenyewe ndiye aliyemaliza shauri: atapokea kupitia binti wa jirani anayemwamini, na tumeandika makubaliano mbele ya mwenyekiti wa kitongoji.

Novemba, wiki ya tatu. Mkutano wa kitongoji

Chini ya mbuyu, saa nne asubuhi. Walihudhuria watu wengi kuliko nilivyotarajia, na wa kitongoji cha jirani walikuja kusikiliza pia.

Swali la kwanza lilitoka kwa mzee mmoja mwenye heshima kubwa hapa: "Mnawapa watu hela mkononi. Si watainywa?" Nilimjibu kwa ninayoyajua. David Evans na Anna Popova, wakiwa Benki ya Dunia, walikusanya tafiti 19 kutoka mabara mbalimbali kuangalia jambo hilohilo, iwapo watu wanaopewa fedha taslimu huongeza matumizi ya pombe na tumbaku. Kwa ujumla hayaongezeki. Mzee alitikisa kichwa, hakubishana, lakini niliona hajashawishika. Ana haki ya kungoja aone.

Swali la pili lilinigusa zaidi. Mzee mwingine alisema, "Hapa fedha zilishakuja nyingi. Zilikwenda wapi?" Alikuwa anazungumzia mradi wa karanga wa Waingereza. Kwa wasiojua historia ya hapa: kuanzia mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilileta Kongwa matrekta na mitambo kulima karanga kwa eneo kubwa ajabu, ili kupata mafuta ya kula baada ya vita. Udongo wa hapa ukikauka unakuwa mgumu kama saruji, mvua haikuja kama walivyopanga, majembe ya trekta yakavunjika. Mwaka 1951 mradi ukafungwa, zaidi ya pauni milioni 30 zikiwa zimeteketea. Wenyeji waliokuwa wakilima mtama na uwele hapa vizazi na vizazi, wanaojua mvua inakujaje na udongo unafunguka lini, hawakukabidhiwa hata sehemu ndogo ya fedha ile waamue wenyewe.

Nilimwambia mzee kwamba safari hii fedha ni ndogo sana, lakini itakaa mikononi mwa anayelijua shamba. Akasema, "Basi ilete kabla mvua haijaanza." Akaketi.

Novemba 27. Awamu ya kwanza

Shilingi 300,000 kwa kila kaya, na ya kutolea juu yake. Tulikuwa tumemweleza wakala wa kijijini mapema, akaenda Kibaigwa kuchukua fedha taslimu. La sivyo wa kwanza watano wangetoa na waliobaki wangeambiwa warudi kesho. Hata hivyo tuliwagawa kwa siku tatu.

Mama alikuja na binti yake kusoma ujumbe. Hakutoa zote. Alitoa 120,000, nyingine akaziacha kwenye simu, akasema hela ikilala ndani ya nyumba kila mtu anapata shida ya kuombwa.

Baada ya siku kumi nilimkuta amekwishaamua karibu kila kitu. Gunia la mahindi, 85,000. Plau ya ng'ombe kwa ekari mbili, 80,000; mbili zilizobaki watalima kwa jembe la mkono. Mbegu ya mtama, 28,000. Deni la dukani, 40,000. CHF iliyoboreshwa, yaani bima ya afya ya jamii, ambayo wakati huo ilikuwa 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, na hapo idadi yao ilitosha sawasawa. Zilizobaki ni chumvi, sabuni, mafuta ya taa na madaftari. Mbegu ya alizeti hakununua. Alibadilishana na jirani kwa karanga.

Hilo gunia la mahindi ni kitu kikubwa kuliko linavyoonekana kwenye orodha. Lilisimama pembeni ya kitanda cha Bibi, limeegemezwa ukutani, na Bibi alikuwa amelishonea mdomo mwenyewe kwa shazia. Nilimsalimia, "Mbukwenyi, Bibi," akaitikia akicheka Kigogo changu, kisha akapigapiga gunia kwa kiganja. "Hili ndilo mwezi wa kwanza," akasema.

Desemba

Mvua ilianza wiki ya kwanza, ikasimama, ikarudi. Wamepanda. Bei dukani nimezifuatilia, kwa sababu wa kitongoji cha jirani waliogopa kwamba fedha hizi zitapandisha kila kitu na wao wasiopata wataumia. Sukari, mafuta, sabuni, unga: hazijapanda kuliko kule Kibaigwa.

Wasiwasi huo una msingi na umepimwa vizuri. Huko Siaya, Kenya, shirika la GiveDirectly, linalowapa watu fedha taslimu, lilitoa kiasi cha Dola 1,000 kwa kaya zaidi ya 10,500, na watafiti wakiwemo Edward Miguel na Paul Niehaus wakafuatilia vijiji 653, vilivyopata na visivyopata. Bei zilipanda kwa takriban asilimia 0.1 tu kwa wastani. Kaya zisizopewa chochote nazo ziliongeza matumizi, kwa kuwa waliopewa walinunua kwao na kuwaajiri. Huku kwetu fundi baiskeli na mama wa mandazi wameshaanza kuniambia habari hiyohiyo kwa lugha yao.

Januari, wiki ya tatu

Nafika saa mbili asubuhi, Mama hayupo nyumbani. Miaka yote mwezi huu ungemkuta upande wa mashariki, kwenye mashamba makubwa, na jembe lake begani. Safari hii yuko kwake. Mtama umefika magotini, yeye ameinama anapalilia mstari wa tano, jasho mpaka kwenye viwiko, khanga kaifunga kiunoni. Alinyooka, akaniamkia, akaendelea. Niliokota jembe la mvulana, tukaenda mstari mmoja pamoja tukizungumza. Udongo bado una unyevu wa juzi na magugu yanang'oka na mizizi yake. Akaniambia kwamba shambani kwa watu unapalilia ukiwaza kwako kunaota nini.

Hiki ndicho nilichotaka kukiona tangu Oktoba, na nakiandika kwa furaha isiyofichika: gunia moja la mahindi limenunua wiki sita za kazi ya mtu mwenye shamba lake. Hakuna mbolea inayofanya kazi hiyo.

Limetokea jambo jingine, na halikumpendeza kila mtu. Mzee mwenye mashamba makubwa, ambaye kwa miaka mingi amewapa kazi watu wa hapa, alikuja kuonana nami. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa, akasema moja kwa moja: "Mwanangu, mmenivurugia vibarua. Ngwe ilikuwa 3,000. Sasa wananiambia 4,500, na hata hivyo siwapati."

Nilimsikiliza mpaka mwisho. Si mtu mbaya. Mwaka wa njaa kali alitoa chakula chake na wapo waliopona kwa sababu yake. Ana hasara ya kweli mwezi huu, na sitaidharau. Lakini nilimweleza nionavyo: 3,000 ilikuwa bei ya mtu asiye na njia. Jirani zake sasa wana chakula ndani, na kwa mara ya kwanza wanaweza kusema bei yao. Waliobaki wakienda kufanya kibarua, wakiwemo wa kitongoji cha jirani ambao hatukuwapa kitu, nao wanalipwa 4,500.

Zambia, wilaya ya Chipata, waliona mabadiliko ya namna hii. Günther Fink, Kelsey Jack na Felix Masiye waliratibu mikopo midogo ya fedha au mahindi kwa wakulima katika miezi ya njaa, ikarudishwa baada ya mavuno. Kaya zilizokopeshwa zilipunguza vibarua, ambavyo kule huitwa *ganyu*, zikafanya kazi zaidi kwenye mashamba yao, zikavuna zaidi, na ujira wa vibarua vijijini ukapanda. Kule ulikuwa mkopo, huku ni ruzuku. Mlango uliofunguka ni mmoja.

Mzee aliondoka bila kukubaliana nami, ila aliniaga vizuri. Jioni nilisikia amepandisha mpaka 4,000 na chai.

Januari 29. Awamu ya pili

Nyingine 300,000. Mama ameajiri jirani wawili wampalilie ekari ya nne, kwa ujira huohuo mpya, na sikusikia akilalamika bei. Shule imekula sehemu kubwa: elimu haina ada tangu 2016, lakini sketi, viatu na mchango wa chakula cha mchana vipo palepale. Binti aliyekuwa akikaa bila kula mpaka saa kumi sasa anakula shuleni.

Kilichobaki amenunua mitetea minane na jogoo mmoja. Nilikaribia kusema neno, maana kuku wa kijiji hiki waliteketea kwa mdondo mwaka juzi, nikanyamaza kwanza nione. Hakuhitaji neno langu. Alikuwa ameshaongea na mama mmoja anayechanja kuku wa majirani kwa malipo ya kila kuku anayechanjwa. Tone moja kwenye jicho la kila kuku, kurudia kila baada ya miezi mitatu. Mvulana ameandika tarehe ya kurudia kwa mkaa ukutani mwa banda.

Februari

Jua kali, karibu wiki tatu bila tone. Mahindi ya wachache waliothubutu kupanda mahindi yamejikunja. Mtama umevumilia.

Machi hadi katikati ya Aprili

Mtama umetoa masuke, na kwelea kwelea wamekuja. Wasiowajua wasidhani ni ndege wachache wa kufukuza kwa makofi. Wanakuja kama wingu, wanatua pamoja, na shamba la ekari moja linaweza kuisha kwa siku chache. Mtama lazima uamiwe kutoka alfajiri mpaka magharibi, na kwa desturi wanaoamia ni watoto. Walimu hapa wanajua: Machi darasa linakuwa nusu.

Baba ndiye aliyetatua hili. Mguu haumruhusu kupalilia, lakini mikono ni mizima na kombeo analijua tangu utotoni. Alimwomba jirani amjengee dungu fupi, la ngazi tatu tu, katikati ya shamba. Akawa anakaa juu yake tangu giza la alfajiri, kokoto zimerundikwa pembeni, kamba za makopo zimefungwa kila upande mpaka mwisho wa shamba. Akivuta hii, makopo ya kule yanalia. Nilipanda nikakaa naye asubuhi moja. Alikuwa amevaa koti kuukuu, macho hayatulii, na kabla sijaliona kundi yeye alishaachia kokoto.

"Miaka miwili nilikuwa nakaa nyumbani kama mgonjwa," akaniambia. "Sasa wananiletea chai shambani."

Mvulana hajakosa shule mwezi huu kwa sababu ya ndege. Sijui kama Baba angepata dungu lake bila fedha hizi; pengine angepata, gharama yake ilikuwa miti na siku moja ya jirani. Ila shamba la kuamia lisingekuwepo. Mwaka jana lilikuwa magugu.

Mei, mwishoni. Mavuno

Magunia kumi ya mtama, magunia manne ya alizeti. Mwaka jana matatu ya mtama. Naomba wanaochangia wasiandike kwamba fedha zetu zimezidisha mavuno mara tatu. Mvua ya mwaka huu ilikuwa bora kuliko ya mwaka jana, ukiacha ile Februari, na ekari ni nne badala ya mbili. Ninachoweza kukisema bila kusita ni kwamba ekari zote nne zilipaliliwa kwa wakati, na hakuna gunia lililotoka shambani kwenda kwa mdai.

Wanunuzi wamekuja na magari yao. Mtama unanunuliwa 45,000 kwa gunia, na gunia lenyewe ni lumbesa, limejazwa mpaka limeota kilemba. Wanaouza sasa ni wale wenye shida ya haraka, na wanunuzi wanalijua hilo vizuri. Januari gunia hilihili huuzwa mara mbili ya bei hii. Alizeti Mama ameuza mbili, mbili amepeleka kukamua. Mafuta ya kula yapo mpaka mwakani.

Juni 10. Awamu ya tatu

Watu waliniuliza mwanzoni kwa nini tutoe fedha wakati watu wamevuna, ghala limejaa. Jibu limo kwenye magari ya wanunuzi. Mkulima anauza kwa bei ya kutupa wakati wa mavuno kwa sababu michango ya shule, deni na dawa haviwezi kungoja. Akiwa na 300,000 kwenye simu, mtama unaweza kungoja.

Nyumbani kwa Mama kulikuwa na mabishano ya kweli. Baba alitaka bati. Tembe limevuja msimu mzima, kona ya mashariki imeanza kumeguka, na Bibi alihamishwa kitanda mara tatu. Mama alitaka mifuko ya kuhifadhia na mbuzi, na nyumba isubiri. Walibishana mbele yangu bila kunionea haya, na nilikaa kimya kwa sababu si kazi yangu kuamua. Nilipoulizwa, nilisema ninachojua: kule Rarieda, Siaya, Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro walipofuatilia waliopewa fedha, waliopata kwa mkupuo walielekea kununua vitu vya kudumu, na bati lilikuwa mojawapo ya vitu wanavyovipenda, waliopata kidogokidogo kila mwezi walikuwa na uhakika zaidi wa chakula. Yote mawili ni matumizi ya mtu mwenye akili.

Bibi ndiye aliyeamua. Alisema yeye ndiye anayenyeshewa, na yeye anasema mtama kwanza. "Mvua inakuja Desemba. Bati litanunuliwa na mtama wenyewe."

Wamenunua mifuko kumi ya kinga njaa, ile yenye tabaka mbili za nailoni ndani na kiroba nje. Ukiufunga vizuri hewa inakwisha ndani, na fukusi wanakufa bila dawa. Binti alisimamia ufungaji, anasokota mdomo wa kila tabaka, anaukunja, anaufunga kwa kamba ya mpira, tabaka baada ya tabaka. Wamenunua pia mbuzi majike wawili. 70,000 imebaki kwenye simu, na safari ya Baba hospitali ya mkoa kuangaliwa mguu ni mwezi ujao.

Agosti

Baba ameonwa. Mfupa hauwezi kurudishwa ulivyokuwa, ila amepewa mazoezi na kiatu chenye soli iliyoinuliwa upande mmoja, na anatembea mpaka mnadani bila fimbo. Kuku wamefika 26, chanjo ya pili na ya tatu zimefanyika. Magunia kumi yako palepale, kwa sababu mpaka sasa wanakula uwele walioununua kwa fedha ya alizeti. Hesabu ya Mama ni magunia saba ya kula, matatu ya kuuza Januari, na bati.

Si kaya zote ziko hivi. Mbili ziliuza kila kitu Mei kwa sababu ya ugonjwa, na Januari watakuwa na hali ngumu. Nimependekeza kwa wachangiaji kwamba kaya hizo zipate nyongeza mwezi wa Desemba. Moja imehama. Mwanaume mmoja alitumia sehemu kubwa ya awamu ya pili kwa pombe, mke wake alituambia, na tumeanza kutuma kwenye simu ya mke kwa makubaliano yao wote wawili mbele ya mwenyekiti. Mzee aliyeuliza lile swali la pombe mkutanoni alipata habari hiyo kabla yangu. Alinikumbusha, nami nilimkubalia kwamba yupo mmoja, kati ya 34.

Maamuzi ya msimu ujao, baada ya kikao na wachangiaji: kitongoji cha jirani kitaingia, kaya zote 41. Awamu ya kwanza itatoka katikati ya Novemba badala ya mwishoni, kwa kuwa waliolima mapema ndio waliowahi mvua ya kwanza. Usajili wa laini uanze Septemba. Wakala aongezwe wa pili. Masharti hayataongezwa, ingawa mchangiaji mmoja ameomba tuwadai risiti za mbegu. Nimemtumia orodha ya matumizi ya kaya kumi kama zilivyojieleza zenyewe, na ameridhika.

Mkutano wa kitongoji cha jirani ni Alhamisi. Nimemwomba Mama aje azungumze nao badala yangu, kwa kuwa wanamfahamu na walimwona Januari akiwa shambani kwake. Amekubali, mradi tuanze saa mbili, kwa sababu saa nne anakwenda kuchanja kuku wa watu, kazi ambayo sasa naye anaifanya.